Je, wajua kwa nini filamu ya Hatari! husisimua porini na kulegea nyumbani?

Mkazi wa Arusha anayeitazama leo filamu ya Hatari! ya mwaka 1962 huvutwa huku na huku. Magari yanapomfukuza kifaru, husahau hata chai iliyo mbele yake. Kundi linaporudi shambani na mizaha ya mapenzi ikaanza, hutamani mbio zirudi upesi. Inakuwaje filamu moja, yenye mwongozaji mmoja na waigizaji walewale, iwe na nguvu kiasi hicho upande mmoja na ulegevu upande wa pili?

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Kundi la wageni linaloongozwa na Sean, anayeigizwa na John Wayne, linakamata wanyama wa Tanganyika kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Makao yao ni shamba la Momella, chini ya Mlima Meru, na wakipata shida huja Arusha mjini. Mwongozaji, Howard Hawks wa Marekani, aliliacha jina la Kiswahili kama lilivyo, na watazamaji wa kwao wakalijua neno letu kwa njia hiyo.

Nguvu ya filamu inatokana na jambo moja: mbio zile ni za kweli. Sean huketi kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, karibu na gurudumu, akiwa ameshika mti mrefu wenye kitanzi, na gari hukimbia sambamba na mnyama ambaye hajafunzwa chochote. Hawks alisema kwamba waigizaji wenyewe ndio waliowakamata wanyama wanaoonekana, na kwamba kifaru mmoja alipochomoka walilazimika kumkamata upya, naye akayaacha yote hayo ndani ya filamu. Mpiga picha Russell Harlan, ambaye kwa kazi hii aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, anatuonyesha gari, mtu na mnyama katika picha moja, vumbi likiwafunika wote pamoja. Hapo ndipo siri ilipo. Picha zinapokatwakatwa, mtazamaji huanza kushuku kwamba mwigizaji yuko mbali na pembe za kifaru. Lakini akiwaona wote wawili mahali pamoja, mwili wake huamini kabla akili haijauliza.

Vichekesho vilivyo bora katika filamu hii huzaliwa na hofu hiyohiyo. Pockets, anayeigizwa na Red Buttons, ni mwoga wa wanyama anayeishi kwa kuwakamata, naye hubuni roketi ya kurusha wavu juu ya mti uliojaa nyani. Roketi inapofyatuka, yeye amefumba macho, na baada ya ushindi wake mkubwa inambidi awaombe wenzake wamsimulie alichokifanya. Tunacheka kwa sababu woga wake ni wa haki, na kicheko chetu hakiwapunguzii wanyama hatari yao. Kwa maoni yangu, tukio hilo linafundisha utengenezaji wa filamu ya aina hii kuliko mapigano mengi yenye utani wa kubandika.

Nyumbani mambo hubadilika. Filamu ina dakika 157, na sehemu kubwa yake huishia sebuleni, ambako wanaume wanamgombea binti wa marehemu mwenye shamba, huku Sean akimkwepa Dallas, mpiga picha kutoka Italia. Ugomvi huanza, hutulia, kisha huanza tena palepale, kwa kuwa hakuna kinachoweza kupotea. Wayne alizaliwa mwaka 1907 na Elsa Martinelli, anayemwigiza Dallas, mwaka 1935, na pengo hilo la umri linayafanya mapenzi yao yawe magumu kuaminika. Porini kosa dogo linaweza kuvunja mguu. Sebuleni kosa kubwa humalizwa kwa kinywaji.

Kasoro inayoniuma zaidi ni nyingine. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na filamu ikatoka mwaka uliofuata, lakini wenyeji wa chini ya Meru wamewekwa pembeni kama wasaidizi wenye maneno machache. Hata Warusha wanapompa Dallas jina la Mama Tembo kwa kuwalea ndama yatima wa tembo, sherehe ni yao ila hadithi hubaki ya mgeni. Aidha, siku hizi inajulikana kwamba kumkimbiza mnyama kwa muda mrefu huweza kuharibu misuli yake na hata kumuua, ndiyo maana wataalamu hutumia dawa ya usingizi.

Hata hivyo, mwishoni Hawks anafanya jambo ambalo filamu ilikuwa ikilikosa tangu mwanzo. Dallas anapotoroka, Sean na wenzake wanawatumia wale ndama kunusa njia yake, nao wanakimbia katika mitaa ya Arusha wakimtafuta mama yao hadi hotelini. Mbio za porini na mapenzi ya sebuleni yanakutana barabarani, na kwa dakika hizo chache mtazamaji anacheka huku akihofia vioo vya maduka.