Pointi 1,000 za siku: mbio za glaida na kanuni za kimataifa

Ukisikia marubani wa glaida wa nchi fulani wakibishana kama mashindano yao ya taifa yahamie kanuni za kimataifa, jua kwamba ubishi wenyewe uko kwenye hesabu. Fomula ya pointi ndiyo inayomwamulia rubani aondoke saa ngapi, aruke na nani, na ajihatarishe kiasi gani.

Glaida ni ndege isiyo na injini. Hukokotwa juu na ndege nyingine au kuvutwa kwa winchi, kisha huachwa itafute hewa ya moto inayopanda na kuzunguka ndani yake, kama mwewe wanavyofanya juu ya soko la Kongowea jua likishakolea. Mombasa yenyewe si mahali pake. Upepo wa bahari ukishaingia, hewa ya pwani hupoa na kukataa kupanda. Hewa nzuri iko bara, ardhi inakochomwa na jua. Hapa Kenya glaida zimerushwa Mweiga, upande wa Nyeri. Lakini kwa mfano tutumie njia tuijuayo: safari ya siku iwe Mombasa hadi Voi na kurudi, kama kilomita 300.

Mchezo huu uko chini ya FAI, shirikisho la michezo ya anga lililoundwa 1905, na tume yake ya glaida, IGC. Kanuni za ubingwa wa dunia zimo katika Kiambatisho A cha sehemu ya 3 ya kanuni zake za michezo. Ndege hupangwa kwa madaraja. Daraja la mita 18 (upana wa mbawa), kwa mfano, linaruhusu uzito wa hadi kilo 600, pamoja na maji yanayojazwa mbawani. Hayo maji ni farumi, ila kazi yake si ile ya farumi ya jahazi: jahazi hubeba isipinduke, glaida hubeba iende kasi, na hewa ikidhoofika rubani huyamwaga. Daraja la Klabu halina maji, na ndege zake husawazishwa kwa hendikapu: kasi ya kila ndege hugawanywa kwa namba yake. Ndege yenye namba 1.20 ikienda kilomita 114 kwa saa huhesabiwa 95, kwa hiyo hupitwa na ya 1.00 iliyokwenda 100.

Safari za siku ziko za aina mbili. Ya kwanza ina vituo maalumu vya kugeukia, kila kimoja duara la nusu kipenyo cha mita 500, na aliye na kasi kubwa ndiye mshindi. Ya pili hutoa maeneo makubwa na muda wa chini, tuseme saa 3. Rubani hugeuka popote ndani ya eneo. Hapa wageni huumia. Ukiruka kilomita 300 kwa saa 2 na dakika 45 unadhani umepata kasi ya 109, lakini umbali wako utagawanywa kwa saa 3 kamili na utaandikiwa 100. Kurudi mapema ni hasara tupu. Hesabu urudi dakika mbili tatu baada ya muda kutimia.

Sasa pointi. Siku ina 1,000 kwa juu kabisa, na ili zifike hapo lazima umbali mrefu zaidi wa siku uwe angalau kilomita 250 na mshindi awe ametumia angalau saa 3. Chini ya hapo siku inakatwa. Umbali mrefu ukiwa kilomita 150, unazidisha kwa 5 na kutoa 250: zinabaki 500. Mshindi akimaliza kwa saa 2, unazidisha kwa 400 na kutoa 200: 600. Hutumika ile ndogo.

Pointi hizo kisha hugawanywa kati ya kasi na umbali, na mgawo hufuata wangapi wamerudi nyumbani kwa kasi inayozidi theluthi mbili ya kasi ya mshindi. Karibu wote wakirudi hivyo, kasi huchukua karibu 667 na umbali karibu 333. Mshindi akiwa na 120 kwa saa, kasi ya 80 kwenda chini haina pointi hata moja ya kasi, na kila kilomita moja ya juu yake ina thamani ya karibu pointi 17. Aliyeruka kwa 108 hupata 467 za kasi na 333 za umbali, jumla 800. Aliyetua shambani kwenye kilomita ya 200 hupata kama 222.

Nusu tu wakirudi, mizani hugeuka: kasi 333, umbali 667. Yule wa 108 sasa ana 900, na yule wa shambani ana 445. Watu ni wale wale, safari ni ile ile.

Juu ya hapo kuna vipunguzo viwili. Cha kwanza huangalia sehemu ya waliorushwa iliyopita umbali wa chini, ambao kwa kawaida ni kilomita 100, na kuizidisha kwa 1.25. Watatu kati ya kumi wakipita, siku nzima huzidishwa kwa 0.375, hata kama mshindi amemaliza kilomita zote 300. Cha pili huangalia waliomaliza dhidi ya waliopita umbali huo. Tuseme ndege kumi zote zimepita kilomita 100, lakini moja tu ndiyo iliyorudi Mombasa. Nyingine tisa zimetua kwenye kilomita ya 290. Kipunguzo ni 0.72. Shujaa wa siku hupewa 720, na waliotua mashambani hupewa karibu 650 kila mmoja. Umefika peke yako, umewaacha kwa pointi 70.

Fomula hiyo inasema kwamba siku iliyowashinda karibu wote ilikuwa na bahati nyingi ndani yake, na bahati isiamue bingwa. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini rubani naye anajua kusoma hesabu: kuondoka peke yake hakumlipi, kutua pamoja na wenzake hakumgharimu. Kwa hiyo husubiri nyuma ya mstari wa kuanzia, kila mmoja akimtazama mwenzake, kisha humganda aliyetangulia kama ruba na kumwachia kazi ya kutafuta hewa. Ndege ishirini ndani ya mzunguko mmoja ni hatari ya kugongana, tena ya kweli. IGC ilileta utaratibu wa kitufe ili kuvunja msafara huo: rubani hubonyeza kitufe cha kinasa-safari, husubiri dakika zilizotangazwa, kisha ana dakika chache tu za kuvuka mstari. Unasaidia kiasi, haumalizi.

Marekani ndiyo nchi ambayo mjadala huu umechemka sana, maana kwa miaka ilikuwa na kanuni zake. Mwanzo ulikuwa duara kubwa badala ya mstari, kwa hiyo ndege zilitawanyika. Rubani angeweza kupewa safari ya kujichagulia vituo. Aliyetua kwenye kiwanja badala ya shamba alipata pointi 25 za ziada. Na marubani kusaidiana kwa redio kulikatazwa. Ubingwa wa dunia hufuata njia nyingine, na timu za huko husaidiana hewani. Rubani aliyelelewa kwa kanuni za nyumbani hufika kwenye ubingwa wa dunia akiwa na mkono mwepesi lakini mazoea yasiyomfaa.

Sisi tungehamisha madaraja yanayochagua timu ya taifa, yote kwa pamoja: safari, mstari, mduara na pointi. Nusu nusu haina faida, kwa sababu pointi na mwanzo vinategemeana. Ila kiwanja chenye ndege chache kiogope kipunguzo cha kwanza. Ndege 30 zikirushwa, sita zinaweza kushindwa mapema bila kuharibu siku ya mtu. Zikiwa 6, anaruhusiwa kushindwa mmoja. Wa pili naye akishindwa, siku hushuka hadi 0.83. Ubingwa wa dunia hauna wanagenzi, mashindano ya taifa yanao, na si haki mwanagenzi aliyeogopa wingu ampunguzie mwenzake pointi 170. Dawa ni kuunganisha madaraja madogo chini ya hendikapu, au wanagenzi wahesabiwe kando. Zile pointi 25 za kiwanjani tungeziacha kwa wanagenzi pia. Mtu aliye chini na amechoka anahitaji sababu ya kwenda kwenye lami.

Mwaka wa kwanza wa kuhama, kosa la kawaida linatoka kwenye mipangilio ya kompyuta ya ndege. Duara la maili 1 limebaki humo tangu msimu uliopita. Kengele inalia mita 1,100 kabla ya duara halali la mita 500, na rubani anageuka akiwa na furaha. Kwa njia yetu ya Voi, huyo atarudi Mombasa wa kwanza, afungue faili lake la safari, na akute amehesabiwa kilomita 148 na ushei: karibu pointi 165, siku ambayo wenzake wote wamemaliza.