Je, wajua kwa nini "usiogope" huja pamoja na amri ya kwenda?

Katika Dar es Salaam, ambamo adhana ya alfajiri na kengele ya misa huweza kusikika katika mtaa mmoja, hofu ya kuanza jambo jipya huzungumzwa kwa lugha ya dini zaidi kuliko kwa lugha ya saikolojia. Mwajiriwa anayetaka kuacha mshahara ili afungue duka Kariakoo, ambako mwenye fremu huweza kudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, humwendea shehe, padri au mchungaji kabla hajakanyaga benki. Mara nyingi anachoomba ni kwamba hofu imtoke kwanza, ndipo aanze. Hata hivyo, visa vikubwa vya maandiko, ambavyo Waislamu na Wakristo wanavijua kwa pamoja, havifuati mpangilio huo.

Tutazame kisa cha Musa. Katika Biblia, mbele ya kijiti kinachowaka moto, Musa anatoa udhuru mmoja baada ya mwingine, ukiwamo ule wa ulimi mzito, na mwishowe anaomba atumwe mtu mwingine. Katika Qur'ani, Sura Taha, yeye na nduguye Haruni wanakiri waziwazi kwamba wanamhofia Firauni. Jibu wanalopewa halina ahadi yoyote kwamba Firauni atakuwa mpole. Wanaambiwa wasiogope kwa kuwa Mungu yu pamoja nao, anasikia na anaona, kisha wanaamriwa waende. Yoshua naye, kabla ya kuvuka Yordani, anaambiwa maneno yanayokaribiana sana na hayo. Hatari inabaki vilevile, na anayetumwa anaongezewa mwenzi wa safari.

Kisa kinachofafanua jambo hili kuliko vyote ni cha wapelelezi kumi na wawili waliotumwa kuichunguza nchi ya Kanaani. Kitabu cha Hesabu kinaeleza kwamba walizunguka siku 40 na kurudi na kishada cha zabibu kilichobebwa na watu wawili juu ya mti, yaani ushahidi wa neema ulikuwa mabegani mwao. Hata hivyo, kumi kati yao waliwavunja watu moyo kwa kusema kwamba wenyeji ni majitu, na kwamba wao walijiona kama mapanzi, na ndivyo majitu yale yalivyowaona pia. Msomaji makini atauliza: walijuaje majitu yaliwaonaje, ilhali hakuna mahali tunapoambiwa kwamba waliyauliza? Hofu iliwajibia swali ambalo hawakuwahi kuliuliza, na gharama yake ilikuwa miaka 40 jangwani, mwaka mmoja kwa kila siku ya upelelezi.

Qur'ani inasimulia tukio la watu wa Musa kukataa kuingia nchi hiyo katika Sura Al-Maida, ikitaja miaka ileile 40, na inaongeza sifa inayostahili kutazamwa kwa makini. Watu wawili waliowahimiza wenzao waingie kupitia mlangoni wanatajwa kuwa ni miongoni mwa wachamungu. Waliomwogopa Mungu ndio ambao hawakuyaogopa majitu. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, ulipo moyo wa mafundisho ya dini zote mbili kuhusu woga: binadamu haambiwi aishi bila kicho, anaambiwa achague kicho chake kielekee wapi. Jijini kwetu somo hili lina kazi ya kufanya, kwa maana wapo wanaoahirisha biashara kwa kuogopa jicho la jirani, na wapo wanaotumia sehemu ya mtaji kutafuta kinga kwa waganga kabla hawajanunua hata shehena ya kwanza ya bidhaa.

Kwa nini basi hofu haiondolewi kwanza? Wataalamu wa akili wanaeleza kwamba mtu anapolikwepa jambo analoliogopa hupata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo huufundisha ubongo kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, kwa hiyo safari ijayo hofu hurudi ikiwa imara zaidi. Huanza kulegea pale mtu anapolikaribia jambo lenyewe kidogo kidogo na kuona kwamba alilolitazamia halikutokea. Anayesubiri atulie kabisa ndipo aanze anasubiri kitu ambacho kwa kawaida huzaliwa ndani ya kuanza kwenyewe.

Sala nayo ina sehemu yake hata mwilini. Mwaka 2001 jarida la tiba la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini, sawa na kukariri maneno ya kutafakari ya yoga, hupunguza kasi ya upumuaji hadi takriban mara sita kwa dakika, kiwango kinachohusishwa na utulivu wa moyo na mishipa ya damu. Muumini hatasema kwamba sala ni pumzi tu, na hana sababu ya kusema hivyo, lakini pia hana sababu ya kushangaa kwamba mwili nao hunufaika.

Lipo pia suala la tahadhari, kwa kuwa si kila woga ni udhaifu wa imani. Wapelelezi wale waliagizwa wachunguze kama miji ina ngome na kama ardhi ina rutuba, hivyo kuulizia bei ya fremu na kupiga hesabu ya kodi ni sehemu ya utii. Ndiyo maana sala ya istikhara, ambayo Muislamu huswali rakaa mbili na kumwomba Mungu amchagulie lenye heri, huenda sambamba na kushauriana na wajuzi wa jambo husika. Wengi mitaani hungoja ndoto baada yake, ingawa wanazuoni wengi wanafundisha kwamba ndoto si sharti: aliyekwisha kuomba na kushauriana huendelea na jambo lake, na likiwa halina heri naye, dua yenyewe imekwisha kuomba liepushwe.