Kwenye kamera kubwa, karatasi ndiyo bosi

Watu wakiiona kamera inayokula filamu ya inchi 14 kwa 17, swali lao huwa moja: picha zake ni kali kiasi gani? Ni kali, sikatai. Lakini anayetafuta ukali peke yake anajitwisha mzigo wa bure, kwa sababu filamu ya inchi 4 kwa 5 ikikuzwa na fundi mzuri itamtosha kabisa, na ataibeba mwenyewe bila kuita msaidizi. Mimi na wenzangu tunaohangaika na madude haya tunafuata kitu kingine. Tunafuata karatasi.

Kwa mazoea ya fani, ukubwa huu unaanzia pale inchi 8 kwa 10 inapoishia. Kuna 7 kwa 17 kwa mandhari marefu, 11 kwa 14, 12 kwa 20, hadi 20 kwa 24. Ukipiga hesabu, filamu moja ya 12 kwa 20 ina eneo la filamu tatu za 8 kwa 10. Si ubabe. Karatasi ya bromidi, ile ya kawaida ya chumba cha giza, hushika picha kwa sekunde chache chini ya mashine ya kukuza. Karatasi za karne ya 19 hazina wepesi huo. Platinamu, sianotipu ya buluu, karatasi ya chumvi, kaboni: zote huitikia hasa miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa jicho, na mwanga wa buluu ulio jirani yake, tena kwa dakika kadhaa za jua au taa maalumu. Mashine ya kukuza haitoi miale hiyo kwa wingi, na hata kidogo inayotoka, vioo vya lenzi vinaimeza. Kwa hiyo negativu, yaani filamu iliyosafishwa ambayo nyeupe na nyeusi zimebadilishana nafasi, inalazwa juu ya karatasi, zinabanwa pamoja kwenye fremu yenye kioo, halafu zinaanikwa kwenye mwanga. Negativu ikiwa ya inchi 11, picha nayo ni ya inchi 11. Hakuna njia ya mkato, au tuseme haikuwepo kwa muda mrefu; nitairudia hiyo.

Waliotutangulia waliilipa gharama hii kwa jasho. Mpiga picha Mmarekani Carleton Watkins alipokwenda Yosemite, bonde la milima la California, mwaka 1861 alichukua kamera ya vioo vya takribani inchi 18 kwa 22. Enzi hizo walitumia kolodioni mbichi, mbinu aliyoitangaza Frederick Scott Archer mwaka 1851, ambayo inataka kioo kipakwe dawa, kipigiwe picha na kusafishwa kabla hakijakauka. Maana yake nyumbu walipanda milima na hema la giza, dawa na vioo vyenyewe, si kamera tu. Mwaka 1900 George R. Lawrence wa Chicago akavuka mpaka: ili kuliingiza treni zima la reli ya Chicago & Alton kwenye picha moja, ikaundwa kamera ya kioo cha futi 8 kwa 4 na nusu, ambayo pamoja na kasha la kioo ilizidi kilo 600. Kwangu mimi lile lilikuwa tangazo la biashara. Wa kujifunza kwake ni Watkins.

Sasa kwa nini naiita karatasi bosi? Kwa sababu ukubwa ni sehemu ndogo tu ya amri zake. Kila mchakato unataka negativu ya aina yake, na lazima uijue kabla hujafungua lenzi. Kwa bromidi ya daraja la 2, yaani ya utofauti wa kawaida wa nyeupe na nyeusi, sehemu nyepesi kabisa ya negativu hupitisha mwanga takribani mara 12 kuliko sehemu nzito kabisa. Platinamu hutaka zaidi, kama mara 60. Ukiichukua negativu iliyosafishwa kwa ajili ya bromidi ukaianika juu ya platinamu, utapata kijivu kilichopooza, na utalaumu dawa bure. Kosa lilishafanyika zamani kwenye trei ya filamu. Na kinyume chake: negativu nzuri ya platinamu ukiipeleka kwenye bromidi, nyuso zinabaki nyeupe pe na nywele nyeusi ti.

Karatasi ya chumvi, ya William Henry Fox Talbot, inaenda mbali zaidi. Unailoweka karatasi kwenye maji ya chumvi ya kawaida, unaikausha, unaipaka nitrati ya fedha, unaianika, na picha inajitokeza yenyewe juani bila kusafishwa. Hapo kuna jambo linalonifurahisha hadi leo: sehemu za kivuli zikishakuwa nyeusi, weusi wenyewe unaizuia miale isizidi kupenya, kwa hiyo zinapunguza mwendo huku sehemu nyeupe zikiendelea kupokea. Karatasi inajisawazisha. Ndiyo maana inaimudu negativu nzito kupita kiasi, ambayo mchapaji wa bromidi angeitupa.

Ili nipate uzito huo huwa nasafisha filamu kwa dawa ya pairo. Mbali na kutoa fedha nyeusi, pairo huacha rangi ya kahawia inayoelekea kijani, nzito zaidi pale penye fedha nyingi. Jicho linaiona nyepesi. Urujuanimno unaiona kama ukuta. Anayeanza akiitazama negativu ya pairo juu ya taa atadhani imetoka hafifu, na hapo ndipo ninapomwambia asiipime kwa jicho, aianike kwanza.

Kwenye kupiga penyewe, hesabu nazo zinabadilika. Lenzi ya kawaida kwa 11 kwa 14 ni ya milimita 450 hivi. Ukimpiga mtu kichwa na mabega kwa nusu ya ukubwa wake halisi, mvukuto, yaani mkunjo ulio kati ya lenzi na filamu, unarefuka hadi milimita 675, mara moja na nusu ya urefu wa lenzi. Mwanga unapungua kwa mraba wa namba hiyo, yaani sekunde 1 inakuwa 2.25. Kina cha ukali, yaani umbali wa mbele hadi nyuma unaotoka mkali, nacho kinakuwa finyu ajabu: kwa tundu la lenzi la f/11 (namba ikikua, tundu hupungua) ni kama sentimita mbili na nusu tu, kwa hiyo jicho likikaa sawa, ncha ya pua na sikio vimeshakwenda. Ndiyo sababu tunafunga tundu hadi f/45 au f/64. Mwenye kamera ndogo angeogopa kwamba tundu dogo namna hiyo linalainisha picha. Linalainisha kweli, ila negativu haikuzwi, na ulaini huo jicho haliuoni. Unachokilipia ni muda, na filamu nyingi ukishapita sekunde moja huanza kuchoka, hivyo sekunde zilizopimwa huongezwa tena. Anayepigwa picha anahitaji kitu cha kuegemeza kichwa.

Platinamu ndiyo kazi ninayoifanya zaidi, basi niieleze kwa karibu. William Willis alisajili hataza yake ya kwanza mwaka 1873. Dawa ni oksalati ya chuma iliyochanganywa na chumvi ya platinamu, ya paladiamu, au zote mbili, inayopakwa kwa brashi kwenye karatasi ya pamba isiyo na chokaa, kwa kuwa chokaa huiharibu oksalati. Miale haiigusi platinamu, inakigeuza chuma. Karatasi ikitoka kwenye fremu ina kivuli tu cha picha, rangi ya udongo juu ya umanjano. Halafu unamwaga oksalati ya potasiamu, yote kwa mkupuo mmoja, ukianzia ukingoni. Chuma kilichogeuzwa kinayeyuka, na papo hapo kinaiacha platinamu safi ndani ya nyuzi za karatasi. Picha nzima inaruka machoni kabla hujaweka chupa chini. Mkono ukisita, mstari wa pale uliposita utabaki milele. Ukiipasha moto dawa hiyo, rangi inaelekea kahawia. Kisha chuma kilichobaki kinaondolewa kwa maji ya asidi ya sitriki au EDTA, dawa inayonasa madini, hadi weupe wa karatasi urudi. Hakuna utando wa jelatini juu, ndiyo maana picha haing'ai. Na platinamu haichakai: karatasi itakufa kabla yake. Paladiamu iliingia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, platinamu ilipohitajika kwenye viwanda vya asidi za baruti. Siku hizi wengi tunaichanganya kwa kuupenda ujoto wake.

Nilisema nitarudi kwenye njia ya mkato. Leo unaweza kupiga kwa kamera yoyote, ukachapa negativu kubwa kwa printa ya wino kwenye plastiki angavu, ukaianika juu ya platinamu au sianotipu. Nimeona kazi safi sana za namna hiyo, na sioni aibu kumshauri mwanafunzi aanzie hapo. Ila kwenye karatasi laini, ukitazama kwa lenzi ya mkononi, nukta za wino huonekana.

Anayetaka filamu halisi bila kusubiri oda maalumu ya Ilford, kampuni ya filamu ya Uingereza, ambayo hufunguliwa mara moja kwa mwaka, atafute filamu ya X-ray ya inchi 14 kwa 17. Ile inayoitikia kijani haioni nyekundu, kwa hiyo utaisafisha chini ya taa nyekundu ukiiangalia. Midomo na ngozi zitatoka nyeusi kuliko zilivyo, na mawingu yatapotea kwenye anga. Tatizo lake kubwa ni kwamba nyingi zina dawa pande zote mbili na zinachubuka kwa kuguswa tu zikiwa na maji. Tandika kioo laini ndani ya trei, safisha moja moja, na kata kucha kwanza.