Bili ya msiba inahesabu siku: gharama za mazishi na namna ya kujipanga kabla

Nafanya kazi ya kuratibu mazishi, mwaka wa 13 huu, na kila simu inayoingia lazima ifike kwenye swali lilelile, "jumla itakuja ngapi?" Huwa sijibu kabla sijauliza la kwangu, mnazika lini. Wengine wanadhani nakwepa au natafuta njia ya kupandisha bei, lakini ukweli ni kwamba bila kujua siku ya kuzika sina namba yoyote ya maana ya kukupa, maana bili ya msiba inatembea na kalenda.

Ngoja nieleze vizuri. Kwenye msiba kuna vitu unalipia mara moja tu basi: jeneza au sanda, kaburi na wachimbaji, vibali, kuosha na kuandaa mwili, gari la kubeba mwili siku yenyewe. Alafu kuna vitu vinavyokula hela kila kukicha. Mochwari inachaji kwa siku, tenti na viti vya kukodi kwa siku, wageni waliolala nyumbani wanakula kila siku, waliofikia gesti wanalipa kila usiku, na kuna wale ndugu waliofunga biashara zao au kuomba ruhusa kazini ambao hasara yao haiandikwi popote lakini ipo. Watu wakikaa kupanga bajeti wanaanza na lile kundi la kwanza, wanabishana jeneza lile au hili mpaka saa sita usiku, na kundi la pili linaendelea kimyakimya.

Kuna familia moja nliwahudumia, walikuwa wazike siku ya nne, ndugu mmoja akasema yuko mbali asubiriwe, tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, wakazika siku ya 11. Jeneza lilikuwa lilelile, kaburi lilelile, gari lilelile, hakuna kitu kipya walichonunua. Siku tulipokaa na daftari kufunga hesabu tukakuta mochwari peke yake imepita bei ya jeneza, na chakula cha watu waliokuwa wanakuja kila jioni kimepita vitu vyote vya mazishi ukivijumlisha. Mama mjane aliniangalia akauliza, hivi haya tuliyakubali saa ngapi? Hilo swali lilinikaa sana, kwa sababu hawakuwahi kukubali, hakuna kikao kilichowekwa wakaulizwa "mko tayari kulipa hizi siku saba?", walisema tu tusubiri.

Tangu hapo familia nnazozisimamia huwa naomba karatasi moja tu siku ya kwanza. Mstari katikati, kushoto andika vya mara moja, kulia andika vya kila siku, jumlisha upande wa kulia upate gharama ya siku moja. Hiyo namba ya siku moja ndo muhimu kuliko zote. Ikitokea mtu kwenye kikao akasema tusogeze mpaka wiki ijayo, mwenye karatasi anajibu kwa utaratibu kabisa, siku moja ni kiasi hiki, siku saba ni kiasi hiki, je tunacho? Sisemi msisubiri mtu. Mtoto anayetaka kumwona mzazi wake kwa mara ya mwisho asubiriwe hata kama ni gharama, hiyo haina mjadala kwangu, ila asubiriwe mkiwa mnajua gharama yake.

Hapo kwenye mochwari kuna jambo lingine watu wanalipia bila kuuliza, dawa. Kuna kuhifadhi mwili kwa ubaridi, friji za mochwari kwa kawaida zinakaa kama nyuzi 2 mpaka 4 za Selsiasi, na kuna kudunga dawa mwilini, ambayo kikubwa chake ni formalini. Dawa inachelewesha mwili kuharibika, haizuii milele. Kama mnazika baada ya siku moja mbili na friji ipo inafanya kazi, mara nyingi dawa haina ulazima, ila inawekwa kwenye pakeji na nyie mnasaini tu. Marekani kuna kanuni ya tangu 1984 inayowalazimisha wenye huduma za mazishi kumpa mteja orodha ya bei kitu kwa kitu, kumwambia kwamba kwa kawaida sheria haimlazimishi mtu kudunga dawa, na kutokumkatalia au kumchaji zaidi akija na jeneza alilonunua kwingine. Naitaja kwa sababu hata kama unapoishi hakuna kanuni kama hiyo, hayo mambo matatu unaweza kuyaomba kwa mdomo wako mwenyewe na mtoa huduma mwaminifu atakupa. Omba mchanganuo. Ukiletewa karatasi yenye mstari mmoja umeandikwa "huduma kamili" na namba kubwa chini, irudishe, sema unataka kuona kila kitu na bei yake, na kipi kinaweza kutolewa.

Jeneza sitalizungumzia sana. Nitasema tu kwamba asiende kulinunua mtoto au mume au mke wa marehemu. Atume mtu mwenye akili tulivu, shemeji, jirani, rafiki wa familia, na aende akiwa na kiasi kilichokubaliwa tayari nyumbani. Aliyefiwa akiingia pale anaona kama anapimwa mapenzi yake kwa bei ya mbao, na hata muuzaji asipomsukuma atajisukuma mwenyewe. Nimeona watu wakikopa kwa ajili ya jeneza linaloonekana nusu saa, na miezi miwili baadae watoto wa marehemu ada ya shule haijalipwa. Inaniuma kila nikikumbuka.

Kwa wanaochoma mwili, kaburi linatoka kwenye bajeti, lakini kuna makaratasi ya ziada, nchi nyingi zinataka uthibitisho zaidi wa daktari kwa sababu mwili ukishachomwa hauwezi kufukuliwa kuchunguzwa tena. Pia kama marehemu aliwekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo sema mapema, lazima kitolewe kwanza, betri yake inaweza kulipuka kwenye tanuru.

Kusafirisha mwili kutoka nchi moja kwenda nyingine hiyo ni bajeti nyingine kabisa. Ukiona bei imeruka usidhani unaibiwa moja kwa moja, kuna masharti nyuma yake. Mfano mkataba wa nchi za Ulaya uliosainiwa Strasbourg 1973 unaeleza mpaka jeneza lenyewe, kwamba linaweza kuwa la mbao nje yenye unene usiopungua milimita 20 na ndani kuna jeneza la zinki lililochomelewa lisivujishe. Sasa fikiria uzito wa kitu kama hicho, na ndege inakuchaji kwa kilo. Ongeza kibali cha kusafirisha, ubalozi, tafsiri ya cheti, gari la kupokea upande wa pili. Nawaambia wanaoishi ughaibuni, kama unataka kuzikwa nyumbani hiyo ndo sababu ya kwanza ya kuwa na bima au akiba, na kama huna shida kuzikwa ulipo basi sema ukiwa hai, kwa maneno yanayosikika, ndugu zako wasije kuchangishana hela kwa mwezi mzima wakidhani wanatimiza wosia wako.

Nani analipa? Anayesaini ndiye anayedaiwa. Ukiweka sahihi kwenye mkataba wa huduma wewe ndo mteja, michango ikipungua wataenda kwako sio kwa ukoo. Kwenye nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza gharama za mazishi zilizo za kiasi zinalipwa kwanza kutoka kwenye mali ya marehemu kabla ya madeni mengine ya kawaida, kwa hiyo tunza kila risiti, hata ya mafuta ya gari, umpe msimamizi wa mirathi. Angalia hapo neno "za kiasi", mkifanya ya kifahari msitegemee kurudishiwa yote.

Na hela ya marehemu iliyoko benki mara nyingi hamtaigusa siku hizo. Benki ikipata taarifa ya kifo inafunga akaunti mpaka taratibu za mirathi, ambazo zinachukua miezi, na kumtuma mtoto na kadi ya marehemu kwenye mashine ya kutolea hela kunaweza kuwaletea kesi. Hapa ndipo watu waliojiwekea akiba vizuri kabisa wanapokwama, hela ipo lakini haitoki, mazishi yanafanyika kwa mkopo. Suluhisho ni kuwa na sehemu ya hela ambayo mtu mwingine unayemwamini anaweza kuitoa siku hiyohiyo, au bima yenye jina la mnufaika lililoandikwa wazi, kwa sababu kwa kawaida mnufaika analipwa moja kwa moja bila kusubiri mirathi. Nenda kaangalie jina lililoandikwa kwenye bima yako. Nimeshakuta jina la mtu aliyekufa miaka mingi kabla ya mwenye bima.

Tukija kwenye kujipanga sasa. Njia rahisi ni kukadiria mazishi ya kawaida unapoishi leo, sio ya kifahari, alafu kugawa kwa miezi, mfano 60, na kuweka kidogokidogo kwenye akaunti ya peke yake. Ila kumbuka bei hazikai. Zikipanda asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 12 zimeshakuwa mara mbili, kwa hiyo kila mwaka rudia makadirio.

Bima ya mazishi ni nzuri kwa mtu ambaye bado hajaweka kitu, sababu inakukinga kabla akiba haijafika, lakini piga hesabu. Kama kila mwezi unalipa asilimia 1 ya kiasi watakachokulipa, baada ya miezi 100, yaani miaka 8 na miezi 4, umeshalipa chote mwenyewe, na kama mkataba hauna mwisho unaendelea kulipa juu yake. Uliza kipindi cha kusubiri, yaani ule muda wa mwanzo ambao mtu akifa bima bado hailipi, ni miezi mingapi, uliza ukikosa kulipa miezi miwili inakuwaje, uliza wanalipa ndani ya saa ngapi. Bima inayolipa baada ya wiki tatu haitasaidia kuzika, itasaidia kulipa deni la kuzika. Maswali hayohayo waulize na viongozi wa kikundi chenu cha kuzikana, na muone kwenye katiba, sio kwa maneno.

Kulipia mazishi mapema kwa kampuni mimi nakuwa na tahadhari, ingawa ndo kazi yangu. Swali moja tu, hela yangu inakaa wapi mpaka siku hiyo? Kama inaingia kwenye akaunti ya matumizi ya kampuni, kampuni ikifa kabla yako umepoteza. Uingereza mipango hii iliwekwa chini ya mamlaka ya usimamizi wa fedha, FCA, kuanzia tarehe 29 Julai 2022, na kabla ya hapo walikuwepo wateja waliokuta kampuni imeanguka na malipo yao. Tafuta mpango ambao hela yako inakaa kwenye mfuko wa udhamini, yaani inatunzwa kando na hela za kampuni, au kwenye bima, na iwe kwa maandishi.

Na mwisho ile karatasi ya nyumbani. Usiiweke ndani ya wosia peke yake, maana familia nyingi zinafungua wosia baada ya kuzika. Iwe ukurasa mmoja: nizikwe wapi, msikae zaidi ya siku ngapi, nani asimamie hela, bima iko kampuni gani na namba ya mkataba, hela ya haraka iko wapi na nani anaweza kuitoa, nani wapigiwe simu kwanza. Hayo majina yaandike na namba zake kabisa, sababu simu yako itakuwa imefungwa kwa nywila. Mzee mmoja niliyemzika aliandika kwenye yake "siku tatu zinatosha, anayechelewa atakuta kaburi, nimemsamehe". Mtoto wake mkubwa aliisoma kwenye kikao, ndugu waliokuwa wanataka wiki mbili wakanyamaza, na siku ya tatu tukazika.