Macho makubwa ya mtoto mchanga si urembo kila mara
Wengi huamini kwamba presha ya macho, yaani glakoma, ni ugonjwa wa wazee, na kwamba mtoto mwenye macho makubwa amejaliwa uzuri tu. Si kweli. Mtoto anaweza kuzaliwa nayo.

Maji ya ndani ya jicho hutoka kupitia kichujio kidogo, pale konea (kioo angavu cha mbele ya jicho) inapokutana na airisi (duara lenye rangi linalozunguka mboni). Kisipoumbika vizuri tumboni, maji hukwama na presha hupanda. Jicho la mtoto wa chini ya miaka 3 hivi bado ni laini, kwa hiyo hutanuka. Konea ya mtoto mchanga huwa na upana wa milimita 9.5 hadi 10.5, ikizidi 12 kabla hajafikisha mwaka, apimwe haraka.

Machozi nayo hudanganya. Mrija wa machozi ukiziba huleta tongotongo, lakini mtoto haogopi mwanga. Mwenye glakoma hukaza kope na kuficha uso juani, na konea huweza kuingia ukungu. (Huo si mtoto wa jicho, ambao hukaa kwenye lenzi, nyuma ya mboni.)

Matone hushusha presha kwa muda tu. Tiba kuu ni upasuaji wa kufungua njia ya maji, goniotomia au trabekulotomia. Matone ya brimonidini, dawa ya kushusha presha, asipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwani yaweza kumzuia kupumua.

Waliozaliwa bila airisi, au wenye sindromu ya Axenfeld-Rieger (kasoro ya kuzaliwa ya sehemu ya mbele ya jicho), ambao takriban nusu yao hupata glakoma, wapimwe presha maisha yao yote: mara nyingi hupanda utotoni au ujanani.