Crumb: filamu inayohukumiwa kabla ya kutazamwa

Nikiitaja filamu ya Crumb mbele ya vijana wanaojifunza kuchora hapa Kampala, wengi huwa wameshafunga mjadala. Mmoja ameambiwa ni uchafu, mwingine ameambiwa ni kazi ya fikra kubwa isiyoguswa, na wote wawili hawajaiona. Ni filamu ya hali halisi iliyoongozwa na Terry Zwigoff, ikatoka mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikachukua tuzo kuu ya filamu za hali halisi kwenye tamasha la Sundance. Inamhusu Robert Crumb, mchora vibonzo wa Marekani aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1943. Naipenda filamu hii, na kuna sehemu zake zinazoniuma. Uvumi unaoizunguka unaificha, ndiyo maana naandika.

"Ni katuni, waache watoto watazame"

Hapana. Jalada lenye michoro linaweza kumpoteza hata mwenye kibanda cha video, kwa hiyo nasema waziwazi: hii ni filamu ya watu wazima. Kwa karibu saa mbili, watu halisi wanazungumza mbele ya kamera, na michoro inayoonyeshwa imejaa ngono na ukatili.

Wengine huichanganya na Fritz the Cat ya mwaka 1972, ambayo kweli ni ya katuni. Hiyo ilitengenezwa na Ralph Bakshi kutokana na paka aliyebuniwa na Crumb, na ilikuwa filamu ya kwanza ya katuni Marekani kupewa alama ya X, yaani ya kukatazwa watoto. Crumb mwenyewe aliichukia. Mwaka huohuo alichora hadithi ambamo paka huyo anauawa, akawa amemalizana naye.

"Ni mpinzani wa serikali, kama wachoraji wetu"

Dhana hii ninaielewa inakotoka. Kwetu Uganda, mchora katuni akiitwa mtata, mara nyingi amemchora mkubwa fulani au ameigusa serikali mahali panapouma. Tulimwona Jimmy Spire Ssentongo mwezi Aprili 2023 alipoanzisha maonyesho ya mashimo ya barabarani mtandaoni. Wananchi wakamiminika na picha za barabara zao, na jambo likafika hadi ngazi za juu za nchi. Huyo anamwelekezea kalamu mwenye madaraka.

Crumb, kwa sehemu kubwa, aliielekeza kalamu kwake mwenyewe: tamaa zake, woga wake kwa wanawake, chuki yake kwa Marekani ya matangazo ya biashara. Siasa zimo, lakini mtu anayevuliwa nguo hadharani mara nyingi ni yeye.

Wala vibonzo vyake havikuwa vya siri, vya kupokezana usiku. Mwaka 1954 wachapishaji wakubwa wa Marekani walijiwekea kanuni za maadili zilizobana sana yanayoweza kuchorwa. Crumb na wenzake walichapisha nje ya utaratibu huo. Toleo la kwanza la Zap, jarida lake la vibonzo, mwaka 1968, liliuzwa katika mitaa ya San Francisco likisukumwa kwenye kigari cha mtoto. Wakongo waliokulia Kinshasa nikiwaeleza hili hawashangai hata kidogo, maana wanamkumbuka Papa Mfumu'eto, ambaye miaka ya 1990 alijichapishia vijitabu vyake vya vibonzo kwa Kilingala, vikauzwa sokoni na mitaani bila kampuni kubwa nyuma yake. Hatari ilikuwepo, tena ya kweli: huko New York wauza vitabu walitiwa hatiani kwa kuuza Zap namba 4.

"Zwigoff alitengeneza tangazo la rafiki yake"

Urafiki ni kweli. Walipiga muziki pamoja katika bendi moja, na pengine hakuna mwongozaji mwingine ambaye angefunguliwa milango ile. Ila anayesema filamu inamsafisha Crumb hajafika katikati yake. Mhariri Deirdre English na mchora vibonzo Trina Robbins wamepewa nafasi ya kutosha, na wanasema bila kumumunya maneno kwamba michoro hii inawadhalilisha wanawake. Hakuna sauti inayokuja kuwasahihisha. Mhakiki wa sanaa Robert Hughes naye anamsifu Crumb hadi kumlinganisha na Bruegel, mchoraji wa karne ya 16. Zwigoff ameziacha hoja zote mbili zisimame. Crumb akiulizwa, hajitetei kwa ujanja; mara nyingine anakiri kwamba hajui kwa nini anachora vile.

Mimi naona English na Robbins wana hoja nzito kuliko mashabiki wanavyotaka kukubali. Nimeipata hoja hiyo ndani ya filamu yenyewe.

Mambo mawili madogo niyapitie haraka. Jina la David Lynch limewekwa kwenye matangazo ya filamu hii, lakini Lynch hakuiongoza. Alikubali tu jina lake litumike kuisaidia. Na ile hadithi kwamba Zwigoff alitishia kujiua ili Crumb akubali kurekodiwa ni uvumi tu.

"Ni filamu ya mtu mmoja"

Hapa ndipo uvumi unapowanyima watu kilicho bora. Anayebaki moyoni mwangu kila nikiitazama ni Charles, kaka yake Robert. Utotoni Charles ndiye aliyekuwa kiongozi. Ndiye aliyewashurutisha wadogo zake kuchora vibonzo, na akili yake ilitekwa kabisa na hadithi ya Treasure Island. Filamu inatuonyesha madaftari yake ya zamani. Mwanzoni kuna watu na mahali. Kisha maneno yanaanza kujaa na kuwabana wahusika. Mwishoni ni mistari midogo tu inayofanana na maandishi, ukurasa baada ya ukurasa, isiyosomeka. Sijaona filamu nyingine inayoonyesha ugonjwa wa akili ukimwingia mtu kupitia mkono wake mwenyewe namna hiyo.

Alipohojiwa alikuwa mtu mzima anayeishi kwa mama yake Philadelphia, anakunywa dawa, hatoki nje. Anazungumza kwa upole, kwa akili kali, na anacheka. Alijitoa uhai mwaka 1992 kabla filamu haijakamilika, na filamu imetunukiwa yeye. Mdogo wao Maxon, naye mchoraji, anaonekana San Francisco akikalia ubao wa misumari. Baba yao alikuwa mwanajeshi mkali aliyewapiga. Dada zao wawili walikataa kuhojiwa, na kutokuwepo kwao nakuhisi kila familia inapozungumziwa.

Uganda tunaihitaji sehemu hii. Mjini Kampala ukitaka kumtukana mtu unamwambia aende Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili, na jina lake limegeuka kuwa tusi. Ndugu akiugua akili, wengi wetu tunamweka chumba cha uani na mgeni akija hatajwi. Zwigoff anaingia chumbani kwa Charles, anakaa, anamsikiliza kama mtu mwenye maoni, na hakuna anayemfunga mdomo.

"Mwafrika hana sababu ya kuitazama"

Hii siyo ya kupuuza, kwa sababu nusu yake ni kweli. Crumb alichora watu weusi kwa sura zilezile za kudhalilisha zilizokuwa zikitumika Marekani tangu zamani: midomo mikubwa, mwanamke wa Kiafrika aliyefanywa mwili mtupu wa kutamaniwa. Alisema anazikejeli fikra zilizojificha ndani ya Wamarekani weupe. Mwaka 1993 alichora hadithi za kuikejeli hofu yao kwamba watu weusi na Wayahudi wataitwaa nchi, na wabaguzi halisi wakazichapa tena kwa matumizi yao. Kejeli ambayo mlengwa anaifurahia imeshindwa kazi yake, na hilo nalisema nikiwa mtu anayeiheshimu kalamu ya Crumb.

Filamu haifichi michoro hiyo. Vilevile inamwonyesha mtu huyohuyo amekaa sakafuni, ameweka santuri ya Geeshie Wiley, mwanamke mweusi aliyerekodi muziki wa bluzi mwaka 1930, akasema kwamba kusikiliza muziki wa zamani ni miongoni mwa nyakati chache anapowapenda binadamu. Amewachorea wapiga bluzi picha za heshima kubwa, na mwaka 1984 akachora maisha ya mmoja wao, Charley Patton. Mambo hayo mawili hayafutani. Mchoro wa dharau unabaki kuwa wa dharau hata kama aliyeuchora analia akisikia wimbo wa mtu mweusi.

Kwa anayefundisha uchoraji, ushauri wangu ni huu: wawe watu wazima, waambiwe mapema watakachokutana nacho, na uache saa nzima ya kuzungumza baada ya filamu. Anza na madaftari ya Charles, kisha muwasikilize English na Robbins. Michoro ya watu weusi iwekwe mezani na izungumzwe kwa jina lake. Na kama kuna atakayeuliza Crumb aliishia wapi, aonyeshwe kitabu chake cha mwaka 2009, ambamo alichora sura zote 50 za Mwanzo katika Biblia, neno kwa neno.