Mungu alishajua. Basi mtihani ni wa nini?

Darsa yetu ya kina mama hapa Bagamoyo hukaa Alhamisi baada ya Laasiri, na miezi kadhaa iliyopita tulikuwa kwenye Suratul Ankabut. Nilifika aya ya 2 na ya 3, nikazitafsiri: "Je, watu wanadhani wataachwa waseme 'Tumeamini' nao wasijaribiwe? Hakika tuliwajaribu waliokuwa kabla yao, na Mwenyezi Mungu atawajua waliosema kweli, na atawajua waongo." Kisha nikatoa mfano niliofundishwa mimi mwenyewe nikiwa msichana: mwalimu anamjua mwanafunzi hodari, lakini mtihani humpa vilevile.

Bibi mmoja anayekaanga samaki pale sokoni akainua mkono. "Mwanangu, mimi kazi yangu mizani. Samaki nikishampima nikajua ni kilo mbili, simrudishi tena. Mungu uzito wangu anaujua tangu sijazaliwa. Ananirudisha kwenye mizani anatafuta nini?"

Hakuwa anabishana. Arubaini ya kifo cha mjukuu wake ilikuwa haijafika. Mkeka mzima ukanyamaza, nami nikasema tutalirudia wiki ijayo, maana jibu nililokuwa nalo lilikuwa limeshavunjika mkononi mwangu. Mwalimu wa shule humpa mtoto mtihani kwa sababu anakisia. Anaweza kukisia vizuri sana, lakini anakisia. Aliye na ujuzi wa kila jani linaloanguka, kama inavyosema Suratul An'am aya ya 59, hakisii. Mfano ule nimeuacha, na ninawaomba walimu wenzangu nao wauache.

Tuanze na lile neno linaloleta tabu: "atawajua". Yaani hakuwa anajua? Swali hili limeulizwa zamani sana. Imepokewa kwa Ibn Abbas, binamu wa Mtume na bingwa wa tafsiri, kwamba "kujua" katika aya za namna hii maana yake ni kuona. Wafasiri waliokuja baadaye wakafafanua: kujua kunaweza kukihusu kitu kilichopo na kitu ambacho bado hakijawa, lakini kuona ni kwa kilichopo. Mungu alijua subira yako kabla hujaumbwa. Ila subira hiyo haikuwepo. Haikuwa imefanywa na mtu yeyote, popote. Siku ilipofanywa ndipo ilipokuwa kitu cha kuonekana, kuandikwa na kulipwa.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo kwa maoni yangu, na ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mungu hamlipi mtu kwa alichokuwa angekifanya. Angetaka angeweza: angewaumba watu wa Peponi Peponi na wa Motoni Motoni, bila dunia katikati, na hesabu yake isingekosea hata chembe. Lakini malipo yangekuwa ya nini? Suratul An'am inataja waliosimamishwa mbele ya Moto wakitamani warudishwe duniani, na aya ya 28 inasema lau wangerudishwa wangeyarudia yale yale waliyokatazwa. Mungu anajua hata lile lisilotokea na halitatokea. Hata hivyo, Qurani inapotaja malipo inarudi daima kwenye yale "mliyokuwa mkiyatenda". Ujuzi wake ni mmoja, hukumu yake ni nyingine, na hukumu inangoja tendo.

Sasa kuna jambo sisi waswahili tumejifunga nalo wenyewe, nalo ni lugha. Maneno matatu ya Qurani kuhusu majaribio yote tunayo midomoni kila siku, lakini yalipovuka bahari yalibadilika sura. Balaa kwetu ni msiba mtupu: "yule mtoto balaa", "balaa limetufika". Kwa Kiarabu cha Qurani, neno hilo ni kujaribiwa, kwa shari na kwa heri pia. Fitina kwetu ni kuchonganisha watu. Asili yake, wanasema mabingwa wa lugha, ni kuitia dhahabu motoni ili takataka zitengane nayo, na ndilo neno lililomo kwenye aya ile ya Ankabut. Mtihani tumeupeleka shuleni, ukabaki na harufu ya karatasi na alama. Lakini Suratul Hujurat aya ya 3 inaposema Mungu amezifanyia mtihani nyoyo za watu kwa ajili ya ucha Mungu, wafasiri wengi wameeleza: amezisafisha, amezitakasa.

Mnaona tofauti? Sonara anayetia dhahabu motoni anaweza kuwa anaijua fika kuwa ni dhahabu. Moto haumpi habari. Moto unaifanyia dhahabu kazi.

Wiki ile niliyokuwa natafuta jibu nilipita ufukweni, pale mafundi wanapotengeneza mashua. Palikuwa na mzee anatia kalafati mashua iliyokaa juu muda mrefu. Alikuwa anasokota pamba kidoleni, anaipanga kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, kisha anaigonga kwa patasi na nyundo ya mti, taratibu, mlio mmoja tu kama saa ya ukutani. Nikamuuliza, "Mzee, ukimaliza haitavuja?" Akasema, "Siku za mwanzo itavuja, mwanangu. Ubao umekauka. Ikae majini inywe, ubao ufure, ndiyo mianya ishikane. Mashua haifungwi na fundi peke yake, inafungwa na maji."

Nilisimama pale hadi jua likazama. Fundi yule mbao anazijua, alizipasua mwenyewe. Haiteremshi mashua majini ili apate habari. Anaiteremsha kwa sababu kuna kukaza ambako nchi kavu haikutoi. Najua kila mfano unaomhusu Mungu una mpaka wake, na huu nao unao, kwa kuwa fundi anaweza kukosea na mashua ikazama. Lakini umenifikisha mbali kuliko ule wa darasani.

Mtazameni Nabii Ibrahimu. Anamwambia mwanawe, "Naona ndotoni kwamba nakuchinja, basi angalia, waonaje?" Kijana anajibu, "Babangu, fanya unayoamrishwa." Qurani yenyewe inaita tukio hilo jaribio lililo wazi, Suratus Saffat, aya ya 106. Mungu alijua kisu hakitakata, na alijua baba na mwana watakubali. Lakini kabla ya asubuhi ile, neno la kijana yule halikuwa limetamkwa duniani. Baada yake likawepo, na mpaka leo kila Idi ya kuchinja tunalikumbuka. Mitume wetu wasingepitishwa humo, tungewaheshimu kwa lipi?

Na heri nayo ni jaribio, jambo tunalolipita haraka mno. "Tunakujaribuni kwa shari na heri", inasema Suratul Anbiyaa aya ya 35. Hapa mjini kwetu tuna Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu wanamjua zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya. Aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa, kutoka bara ya Kongo. Akasoma, akawa shekhe, akaongoza tarika ya Qadiriya, njia ya masufi, hapa Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 1931. Watu wakisimulia habari zake husema alijaribiwa kwa utumwa. Kweli. Lakini aliyetoka utumwani, kisha watu wakawa wanainama kumbusu mkono, naye yumo mtihanini kila anapounyoosha mkono huo, na sidhani kama mtihani huu wa pili ni mwepesi.

Wapo wanaosema: kama Mungu alijua nitafeli, basi amenifelisha. Hili halihitaji mengi. Wavuvi wetu wanajua siku za bamvua na saa maji yatakapokupwa, na ujuzi wao hauvuti bahari hata shubiri moja. Wanazuoni wa tauhidi wana kauli yao: ujuzi hufuata kinachojulikana. Mungu alijua utachagua hivi kwa kuwa wewe ndiye utakayechagua hivi. Suala la kadari, yaani mipango ya Mungu, ni pana kuliko hapo, lakini hoja ya kwamba kujua ni kulazimisha haisimami.

Linaloniuma zaidi ni namna tunavyoyatumia haya matangani. Maiti hajatoka ndani, mtu anamwinamia mfiwa na kumwambia, "Huo ni mtihani wako." Nimefanya hivyo mimi, tena kwa sauti ya ujuaji, na ninaijutia kila nyumba niliyoifanyia. Suratul Baqara aya ya 155 inataja hofu, njaa, upungufu wa mali, wa watu na wa mazao, kisha inasema wape habari njema wanaosubiri. Haikusema waelezee sababu. Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahimu alilia, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika. Ufafanuzi una wakati wake, nao ni pale mfiwa mwenyewe anapouliza.

Na bibi aliuliza. Alhamisi iliyofuata nilieleza yote haya, moto wa sonara na mashua na Ibrahimu. Alisikiliza akiwa amekunja ncha ya kanga mkononi. Nilipomaliza akasema, "Sawa, mimi nimeelewa. Mimi ndiye ubao. Na mtoto je? Yeye alikuwa hajajaribiwa kwa lolote."

Nikamsomea hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, ambapo Mtume alioneshwa bustani ya kijani, ndani yake mtu mrefu sana, na watoto wengi wamemzunguka. Akaambiwa yule mtu ni Ibrahimu, na watoto wale ni waliofariki wakiwa wadogo.

"Ibrahimu yule wa kisu?"

"Yule yule, bibi."

"Wamemzunguka?"

"Wamemzunguka."

Akaniomba niirudie kwa Kiarabu, polepole, na mara hii aliifuatisha.